Nafasi ya Kiswahili katika Kujifunza Kiingereza cha Mazungumzo: Mfano wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Vijitabu vya kufunza Kiingereza cha kila siku hupangwa kwa mtindo mmoja. Upande wa kushoto pana usemi wa Kiingereza, upande wa kulia pana tafsiri yake, na mwanafunzi hutarajiwa kukariri safu zote mbili kuanzia maamkizi hadi maagano. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki, Meru na Embu, Kiingereza cha namna hii hutafutwa na vijana wa kila aina: anayetaka kazi ya hoteli, anayewapandisha wageni mlimani, anayejiandaa kwa mahojiano ya kazi, na anayetarajia kwenda ng'ambo. Wengi wao tayari wana lugha mbili. Nyumbani huzungumza Kikuyu, Kimeru au Kiembu. Shuleni na safarini hukutana na Kiswahili. Kwao, Kiingereza ni lugha ya tatu.

Makala haya yanashikilia hoja moja. Usemi wa mazungumzo haueleweki kwa maana ya maneno yake pekee, bali kwa kazi unayoifanya baina ya watu wawili, na kazi hiyo haihami kwa urahisi kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa mwanafunzi wa eneo hili, Kiswahili na lugha yake ya mama ndivyo vipimo vilivyo karibu zaidi vya kupimia tofauti hizo. Kuzifukuza lugha hizi katika darasa la Kiingereza ni kumnyima mwanafunzi vipimo vyake. Tutaonyesha pia kwamba hasara yake haiishii katika aibu ya kuchekwa. Mahali pengine huhatarisha afya ya mtu.

2. Usuli wa suala

Hamu ya Kiingereza katika nyanda za Mlima Kenya si jambo la jana. Wamisheni wa Kiskoti walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, na kazi ya kusomesha watu ilianza kwa Kikuyu. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana, sehemu kubwa ya jamii ya Wakikuyu ilijitenga na misheni na kuanzisha shule zake huru. Miongoni mwa madai ya wazazi wa shule hizo ni kwamba watoto wafundishwe Kiingereza mapema, kwani waliona kuwa lugha hiyo ndiyo iliyofungua milango ya ofisi na mahakama. Chuo cha Walimu cha Githunguri kilianzishwa mwaka 1939 ili kuziandalia shule hizo walimu. Serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku baada ya kutangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952.

Yaliyofuata yanajulikana. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anaeleza jinsi wanafunzi waliopatikana wakizungumza Kikuyu katika eneo la shule walivyoadhibiwa na kudhalilishwa, na jinsi alama ya kosa ilivyopitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine ili wakosaji wajulikane mwisho wa siku. Lugha ambayo wazazi waliidai kama haki ikaja kufundishwa kwa aibu.

Sera za baada ya uhuru zimeyumba. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Hatimaye Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ikakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na kukiweka sambamba na Kiingereza kama lugha rasmi. Pamoja na hayo, bado wapo walimu na wazazi wanaoamini kwamba mtoto hujua Kiingereza kwa kadiri anavyokatazwa lugha nyingine. Imani hiyo ndiyo tunayoihoji hapa.

3. Msingi wa nadharia

Mawazo ya wataalamu watatu yanatutosha. Wa kwanza ni Bronislaw Malinowski ambaye, mwaka 1923, alieleza kuwa yapo mazungumzo ambayo lengo lake si kupashana habari bali ni kujenga ushirika baina ya watu. Maamkizi ni mfano wake ulio wazi. Inafaa kukumbuka kwamba Malinowski ndiye aliyemfunza Jomo Kenyatta anthropolojia huko London, na ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha Kenyatta cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya.

Wa pili ni J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962. Kwa mujibu wa Austin, kusema ni kutenda: msemaji huahidi, huomba, huonya, huomba radhi, na huyatenda hayo kwa maneno. Wa tatu ni Dell Hymes, aliyesisitiza kwamba kujua lugha si kujua sarufi tu, bali pia kujua nani aseme nini, kwa nani, wapi na wakati gani. Ujuzi huo aliuita umilisi wa mawasiliano.

Tukiwaunganisha watatu hawa, tunapata swali la kuliuliza kila tunapokutana na usemi wa Kiingereza katika kijitabu: usemi huu unafanya kazi gani, na katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na nini?

4. Uchanganuzi wa semi

4.1 Maamkizi

Katika Kikuyu, "Wĩ mwega?" hujibiwa "Ndĩ mwega", na "Ũhoro waku?" hulandana na "Habari yako?" ya Kiswahili. Katika lugha zote mbili maamkizi ni mlolongo. Baada ya habari yako huja habari ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, na hata ya mvua. Anayekatiza mlolongo huo huonekana ana haraka au ana kiburi. Kiingereza cha Mwingereza, kwa kawaida, kina hatua mbili tu: "How are you?" na "Fine, thank you". Mwanafunzi anayeendelea kwa "How is home? How are the children?" mbele ya mgeni asiyemjua huwa ametenda adabu kwa lugha yake, lakini mgeni huyo huenda akahisi anapelelezwa.

Lipo jambo moja ambamo lugha hizi zinakubaliana. "Nzuri" na "Fine" ni majibu ya ushirika, si ripoti ya hali halisi. Mswahili hujibu "Nzuri" kwanza, kisha akaongeza "ila mtoto anaumwa". "Nzuri" hiyo ni mlango tu, na taarifa yenyewe hufuata. Tutairejelea nukta hii hapa chini.

4.2 Maombi

Kiswahili huweka adabu ndani ya kitenzi na katika jina la kumwitia mtu. "Mama, niletee chai" haina "tafadhali", na bado haina ukali, kwa sababu hali tegemezi ya kitenzi pamoja na neno "mama" zimekwisha kufanya kazi ya kunyenyekea. Mwanafunzi akiitafsiri sisisi, hupata "Bring me tea". Kiambishi kimepotea, jina la heshima limepotea, na kilichobaki ni amri. Kiingereza hufanya kazi ile ile kwa kugeuza ombi kuwa swali: "Could I have some tea, please?" Anayeuliza haulizi kuhusu uwezo, anaomba chai.

Kiswahili cha bara kina njia nyingine tena: "Nisaidie chumvi", "Nisaidie kalamu". Kutokana nayo tunapata "Assist me with a pen", usemi unaoeleweka vyema Nyeri nzima. Msikilizaji kutoka nje huenda akadhani anaombwa msaada wa kuandika.

Kitenzi "azima" nacho huzua tatizo lake. Katika Kiswahili, mtu huazima kitu kwa mwenzake, na mwenye kitu humwazima mwenzake. Kitenzi kimoja kinabeba pande zote mbili za tendo. Kiingereza kimezigawa: anayepokea hutumia "borrow", anayetoa hutumia "lend". Hivyo "Borrow me your pen" si uzembe wa mwanafunzi. Ni dalili kwamba ameifuata mantiki ya lugha anayoijua. Akionyeshwa mgawanyo huo mara moja, kwa kulinganisha, ataukumbuka.

4.3 Pole, karibu na semi za kuagana

"Pole" ni neno la kushiriki maumivu ya mwingine. "Samahani" ni neno la kukiri kosa. Kiingereza hutumia "sorry" kwa yote mawili, lakini kwa namna yake. Mtu akijikwaa mbele ya Mkenya, Mkenya husema "Sorry", akimaanisha pole. Mgeni aliyejikwaa hushangaa na kujibu kwamba si kosa lako. Hakuna aliyekosea hapo: mmoja amesikia radhi pale ambapo mwenzake ametoa pole.

Vivyo hivyo, "karibu" ya mtu anayekula ni mwaliko wa kushiriki chakula. "Welcome" ya Kiingereza haifanyi kazi hiyo. Kadhalika "umepotea", tunayomwambia rafiki tuliyekosa kumwona kwa muda mrefu, huwa "You are lost", na mgeni akaanza kuitafuta ramani. "Nakuja", inayosemwa na mtu anayeondoka kwa muda mfupi, huwa "I am coming" huku msemaji akielekea mlangoni. Kumsindikiza mgeni hadi njiani kumezaa "Let me give you a push", na asiyejua huenda akadhani anataka kusukumwa.

Ni muhimu kutoziita semi hizi makosa kwa jumla. Kati ya wenyeji wa Nyeri wawili wanaozungumza Kiingereza, zinafanya kazi yake barabara. Tatizo huzuka pale tu msikilizaji anapotoka nje ya jumuiya hiyo. Mwalimu hana haja ya kuzifuta. Ana haja ya kumwonyesha mwanafunzi mpaka wake.

4.4 Saa

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Kikuyu, kilichopokea neno "thaa" kutoka Kiswahili, huhesabu hivyo hivyo. Saa tatu asubuhi ni "nine o'clock". Mwanafunzi anayefikiri "tatu" na kusema "three" huwa amekosea kwa saa sita, na mwajiri anayemngoja kwa mahojiano hatahesabu kosa hilo kuwa la isimu. Hapa kukariri orodha ya namba hakusaidii. Kinachosaidia ni kanuni moja ya kulinganisha: ongeza au punguza sita.

4.5 Ndiyo na la

Tumeliweka jambo hili mwisho kwa kuwa ndilo zito zaidi. Swali kanushi la Kiswahili hujibiwa kwa kuipima kauli yenyewe. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, unaweza kujibu "Ndiyo", yaani ndivyo ilivyo, sijala. Ukijibu "Hapana", unaikanusha kauli ya muulizaji: umekula. Kiingereza hakiipimi kauli, hupima tendo. Kwa "Haven't you eaten?" mtu ambaye hajala hujibu "No", hata kama swali limekanushwa.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili. Kiongozi wa wapanda mlima yuko na mgeni kwenye njia ya Naro Moru. Wanaelekea kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza mtu akiwa kwenye mita 2,500 hivi, na dalili zake ni pamoja na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula.

Kiongozi: "You haven't eaten?"
Mgeni: "No."
Kiongozi: "Okay. Are you all right?"
Mgeni: "I'm fine."

Mgeni amesema kwamba hajala. Kiongozi anayelisikia jibu hilo kwa mantiki ya Kiswahili anaelewa kwamba amekula. Kisha anauliza swali linalofanana na maamkizi, na kupata jibu la maamkizi. Dalili moja imetamkwa waziwazi lakini haikusikika. Nyingine, kama zipo, zimefichwa na adabu. Maneno yote manane ya kiongozi yamo katika kijitabu cha somo la kwanza, na hakuna hata moja alilolitamka vibaya au asilolijua maana.

Kinyume chake pia huwezekana. Mgeni akiuliza "Haven't you brought the medicine?" na kiongozi akajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sikuleta, mgeni ataendelea kupanda akiamini kwamba dawa zimo mkobani.

Ni kweli kwamba matumizi ya Kiswahili yenyewe hayafanani kila mahali. Wazungumzaji wengi wa siku hizi, hasa waliosoma sana kwa Kiingereza, hujibu "La, sijala". Hali hiyo haipunguzi hatari. Huiongeza, kwa kuwa hata msikilizaji Mkenya hawezi kuwa na hakika ni mantiki ipi mwenzake ameifuata. Tiba yake ni nyepesi. Kwanza, kiongozi aepuke swali kanushi na aulize "Have you eaten?" Pili, ajibu na aombe kujibiwa kwa sentensi nzima: "I have not eaten." Tatu, aulize kuhusu dalili moja moja: kichwa, tumbo, usingizi, chakula. Kiongozi aliyefunzwa hivi atajua mapema kwamba mgeni asipandishwe zaidi, na kwamba dalili zikizidi ateremshwe.

5. Kuhusu matamshi

Mjadala wa Kiingereza cha watu wa Mlima Kenya aghalabu huishia kwenye matamshi, hasa yale yanayofanyiwa mzaha kwa jina la "kushrabu". Kikuyu hakina tofauti ya kifonimu kati ya /l/ na /r/, na vipasuo vyake ghuna huambatana na nazali, ndiyo maana "b" ya mwanzo huelekea kuwa "mb". Haya ni matokeo ya mfumo wa sauti, si ya akili ndogo. Mwalimu anafaa kuzishughulikia jozi zinazobadilisha maana, kama "collect" na "correct" au "play" na "pray", na kuuacha mzaha mwingine kwa wacheshi. Kiswahili kinasaidia hapa pia, kwa sababu kinatofautisha "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Mwanafunzi aliyelifanyia kazi zoezi hilo katika somo la Kiswahili hana haja ya kulianza upya.

6. Mapendekezo ya ufundishaji

Tunapendekeza kwamba kila usemi ufundishwe kwa hatua tano. Kwanza, mwalimu ataje kazi ya usemi: kuomba, kukataa kwa upole, kutoa pole, kuuliza hali ya mgonjwa. Pili, aulize kazi hiyo hufanywaje katika Kiswahili na katika lugha ya mama, na wanafunzi wenyewe watoe semi zao. Tatu, semi hizo zitafsiriwe sisisi ubaoni ili mtego uonekane. Nne, usemi wa Kiingereza utolewe pamoja na wahusika wake: nani anamwambia nani, na mahali gani. Tano, wanafunzi wauigize bila kusoma. Hatua tatu za kwanza huchukua dakika chache. Sehemu kubwa ya kipindi ibaki kwa mazoezi.

Msamiati nao uchaguliwe kwa kufuata kazi. Kiongozi wa mlimani anahitaji majina ya dalili za ugonjwa kabla ya majina ya samani za sebuleni. Mhudumu wa hoteli anahitaji njia tatu za kukataa bila kuudhi. Mwuza vinyago wa Nanyuki, anayepiga picha na wageni kwenye mstari wa ikweta, anahitaji lugha ya kupatana bei.

Pingamizi mbili zinafaa kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kulinganisha lugha humzoesha mwanafunzi kutafsiri kichwani, hivyo husema polepole. Pingamizi hii ina uzito, na ndiyo sababu tumeutenga ulinganishi kwa ajili ya maelezo, si kwa ajili ya mazoezi. Ya pili ni kwamba Kiswahili cha wanafunzi wengi wa Nyeri nacho ni lugha ya kujifunza, tena wakati mwingine ni hafifu kuliko Kikuyu chao. Ni kweli. Mahali kama hapo Kikuyu kitangulie. Nanyuki, ambako Wakikuyu, Wameru, Wamaasai, Wasamburu na Wasomali hukutana, Kiswahili ndicho kipimo cha pamoja ambacho darasa zima linaweza kukitumia.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba semi za mazungumzo zinazoonekana rahisi kuliko zote, yaani ndiyo, la, pole, karibu na nzuri, ndizo zinazopotosha zaidi zinapovuka mpaka wa lugha. Tumeona pia kwamba makosa mengi ya mwanafunzi wa Mlima Kenya yana mantiki, na kwamba mantiki hiyo huonekana tu pale lugha zake zinaporuhusiwa kuingia darasani.

Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuachiwa walimu wa Kiingereza peke yao. Sisi tunaosoma isimu ya Kiswahili tunajua hali tegemezi ni nini, ukanushi hufanyaje kazi, na salamu za Kiswahili zina ngazi ngapi. Chuo Kikuu cha Karatina na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi viko katika eneo hili hili, karibu na hoteli na njia za kupandia mlima. Wanachama wetu walio huko wanaweza kuanza na utafiti mdogo: wakusanye maswali kanushi na majibu yake kama yanavyotumiwa na viongozi wa mlimani, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha wakae na viongozi hao na kuyajadili. Orodha hiyo fupi itawafaa viongozi hao kuliko kijitabu kizima cha semi zisizoelezwa.